Kiti cha Choo cha Mamangu

Mimi nilikuwa fundi wa mitawanda. Nasema nilikuwa, maana kazi yenyewe ilikufa mikononi mwangu huku naitazama. Asiyeijua mitawanda na ajue: ni viatu vya mti, vina kijiti mbele kinachoshikwa baina ya dole gumba na la pili. Mji wa Kale mzima ulivivaa kwendea chooni na kutawadhia. Ukipita vichochoroni alfajiri ulisikia ko, ko, ko katika kila nyumba, ukajua watu wameamka. Kisha, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, zikaja ndara za mpira. Nyepesi, za rangi, hazina kelele. Mtu akienda Makadara kwa shughuli zake hurudi na jozi mbili, yake na ya mamake. Wallahi nilizichukia ndara zile mpaka harufu yake.

Na nilikuwa na majivuno, siwezi kuficha. Mtu akisimama mbele ya baraza yangu sikumwambia avue kiatu. Nilimtazama mguu mara moja, nikashika tezo.

"Hunipimi?"

"Nishakupima. Njoo kesho."

Kesho alikuja, akavivaa, vikamkaa. Sikuwa na haja ya kumuuliza mtu anataka nini. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yangu pale mtaani, na fahari hiyo ilikaribia kumuua mamangu.

Mamangu alianguka chooni Ijumaa asubuhi, na miguuni alikuwa amevaa mitawanda yangu. Mipya, ya mti wa mfenesi. Jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke wa makamo niliyemwita mama mdogo, alikuwa amempa ndara za mpira za buluu, nami nikazichukua nikazitupa jaani. Nilimwambia mamangu, "Mama wa fundi wa mitawanda avae mpira? Watu wataninunulia nini?" Akacheka, akasema haya, baba, nichongea. Nikamchongea. Sakafu ya choo ilikuwa na maji, mti ukateleza, nami nikasikia kishindo nikiwa barazani na msasa mkononi.

Hospitalini walimfunga nyonga na goti, wakamlaza wiki tatu, kisha daktari akanambia kuwa mfupa utaunga lakini goti halitakunjika tena. "Asichutame," akasema. Nikaitikia sawa, sawa, mpumbavu mimi. Nilipomfikisha nyumbani nikamweka kitandani ndipo lile neno liliponirudia. Asichutame? Basi ataendaje haja? Choo chetu, kama vyoo vyote vya nyumba zile za mawe, ni tundu sakafuni na mahali pa kukanyaga miguu miwili. Pembeni birika la maji, na kata yake ya kifuu. Hakuna pa mtu kukalia.

Nyumba ile tulikuwa wawili tu. Dada yangu alikuwa ameolewa Unguja, na baada ya yale mapinduzi ya huko haikuwa kazi nyepesi mtu kutoka aje amwuguze mamake. Mke nilikuwa sina, tulishaachana. Na mimi ni mwanamume. Mtoto wa kiume hamshiki mamake kiunoni akampandisha nguo akamchutamisha, hata dunia ikiwa yapasuka. Sikuweza kulitamka jambo hilo, naye asingeweza kulisikia kutoka kinywani mwangu.

Basi yule mama mdogo akawa anakuja asubuhi, na akija tena baada ya alasiri. Walifunga mlango, wakafanya waliloweza, nikisikia mamangu akiuma meno kwa maumivu. Baina ya saa hizo alikuwa peke yake na tumbo lake. Tulimletea beseni. Akaligeuza kifudifudi akalisukuma chini ya kitanda kwa mkongojo.

"Chumba hiki naswali," akasema. "Lisirudi."

Ndipo akaanza kufunga. Jumatatu amefunga, Alhamisi amefunga, nikasema ni sunna, Mungu amtakabalie. Kisha nikaona na Jumanne, na Jumatano.

"Mama, saumu gani hizi?"

"Nalipa siku zangu za Ramadhani."

"Siku zipi? Wewe hukuacha Ramadhani hata moja."

"Za ujana. Wewe huzijui."

Nikanyamaza, maana hayo ni mambo ya wanawake na mwanamume hayaulizi. Alijua nitanyamaza. Alijificha mahali pa pekee ambapo mimi nisingeweza kumfuata.

Mama mdogo ndiye aliyenifumbua macho. Alinikuta barazani nikichonga jozi isiyokuwa na mwenyewe, akasimama mbele yangu amejishika kiuno.

"Wewe una macho ya kutazama miguu tu? Mamako hafungi. Mamako hanywi. Magharibi akifuturu huramba tende nusu na kulowesha midomo. Hataki maji yamwingie, yasije yakataka kutoka nawe ndiwe uliyeko nyumbani. Utamzika mwanamke yule kwa haya zako."

"Haya zangu au zake?"

"Zenu. Nyote wawili mna vichwa vya mawe."

Niliinuka nikaenda kumtazama mamangu. Alikuwa amelala usingizi wa adhuhuri, midomo imepasuka, mikono imekauka mishipa juu. Nilikuwa naona ndara za mpira ndilo balaa lililonishukia mwaka ule, kumbe balaa lilikuwa ndani ya chumba, lina kiu.

Nikasema, mimi ni fundi wa mti. Mtu asiyeweza kuchutama ataka kiti. Kiti chenye tundu, kisimame juu ya tundu la choo, aingie mwenyewe, akae mwenyewe, atoke mwenyewe, asishikwe na mtu. Leo vitu hivyo viko madukani na watu hawageuki hata kuvitazama. Sisi wakati ule hatukuwa tumeviona. Na kwa kiburi changu kilekile, sikwenda kumuuliza yeye. Ningeanzia wapi? "Mama, ukienda chooni wakaaje?" Ulimi ungenikatika. Nikachukua ukindu mmoja mrefu, nikanyata mpaka kitandani, nikampima hali amelala. Kutoka nyonga hadi goti, goti hadi kisigino, upana wa nyonga. Kila kipimo nikafunga fundo. Hakutikisika, nikashukuru Mungu kwamba usingizi ulikuwa mzito.

Nilikuwa na kipande cha mvule nilichokiweka miaka, nikingojea mteja wa maana. Nikakitoa hicho. Nilifanya kazi siku nne sikuinua kichwa. Miguu minne mizito isiyoyumba, kikalio kipana, tundu la mviringo nililolisugua mpaka hariri ingepita bila kunasa. Mikono miwili ya kushikia. Na mgongo! Mgongo ule niliuchonga mauwa, yale mauwa ya waridi yanayochongwa juu ya milango, na pembeni mnyororo. Watauliza mauwa ya nini chooni. Nami nilikuwa nauliza, lakini mkono haukukubali kuacha. Nilikuwa namwomba radhi kwa patasi.

Kiti kama hicho hakifichiki. Barazani watu wapita. Rafiki yangu mmoja, fundi wa milango, alisimama akalitazama lile tundu, akatazama mauwa, akalitazama tundu tena.

"Yakhe! Umemtengezea mamako kiti cha enzi cha kunyea?"

Wakacheka wote waliokuwapo. Nilitaka kumrushia tezo, wallahi. Nikawauliza, "Na nyinyi? Wazee wenu nyumbani, magoti yao mazima? Wachutamaje?" Kicheko kikakatika. Mmoja akasema babake hana shida yoyote, alhamdulillahi. Mwingine akasema mamake bado kijana. Mwenye milango akakumbuka ana kazi yangojea. Nilijua mamake yule hajaonekana msibani wala harusini mwaka wa pili sasa.

Nikakiingiza kiti chooni. Chumba kile ni chembamba: mlango upande wa Forodhani, birika mkabala wake, na ukuta wenye nafasi ya kuegemeza kiti ni mmoja tu, ule tunaoshirikiana na chumba cha mamangu. Nikakiegemeza mgongo kwenye ukuta huo, kikakaa barabara, tundu juu ya tundu. Nikaenda kumwita.

Alikuja na mkongojo wake, pole pole, akishika ukuta. Alisimama mlangoni pa choo akakitazama kile kiti muda mrefu.

"Mashaallah," akasema. "Umefanya kazi."

"Kijaribu, mama. Mimi natoka, nakwenda Marikiti."

"Haya, baba."

Nilikwenda Marikiti, nikazunguka baina ya mafungu ya ndizi sikununua kitu, nikampa muda. Nikarudi na madafu mawili. Kiti kilikuwa kikavu. Sakafu kavu. Kata imetundikwa palepale nilipoitundika. Mamangu alikuwa kitandani ameelekea ukuta.

"Nimefunga," akasema, kabla sijafungua mdomo.

Nikasema ni kirefu, miguu yake haifiki chini. Nikakata miguu ya kiti vidole viwili. Siku ya pili kikavu. Nikasema tundu ni dogo, aona haya ya kukosa shabaha. Nikalipanua. Kikavu. Nikasema mti ni baridi, nikashona kitambaa pembezoni. Kisha nikasema kitambaa kitaingia najisi, nikakitoa. Kila nilipobadilisha nilimwita, naye kila mara alisema mashaallah, akasimama pale mlangoni, akarudi. Nilimwambia mama mdogo amuulize kwa niaba yangu, wanawake kwa wanawake. Akatoka chumbani amekunja uso.

"Asema kiti ni kizuri."

"Kama ni kizuri mbona hakikalii?"

"Nimemuuliza hilo. Asema mwanangu ametaabika, simvunji moyo. Hakusema zaidi."

Kaskazi ilikuwa imepamba moto, joto la kutoa jasho mtu hajanyanyua mkono, naye hakuwa na jasho hata tone. Ngozi ya uso ilimnata mfupani. Siku moja akiswali, ameketi kwenye kiti chake cha ukili, akainamia mbele kwa rukuu na hakuinuka. Nilimkuta ameegemea ukuta macho yamepanda. Nikaita watu, daktari akaja. Akambana ngozi ya mkono kwa vidole viwili, akaachia, ngozi ikabaki imesimama pale ilipobanwa. Sijapata kuona kitu kilichonitisha vile.

"Anywe maji," daktari akasema. "Ni hayo tu. Asipokunywa, figo zitazima, na hilo haliko mbali."

Alipoondoka nilitia kikombe cha maji ya mtungini, nikampelekea mdomoni. Akageuza uso. Nikamfuata. Akafumba midomo. Hapo nikapandwa na hasira, nikamkemea mamangu, mimi, mtoto aliyemzaa.

"Kunywa! Kunywa, mama! Kiti nimekufanyia, miguu nimekata, tundu nimechonga mara mbili, wataka nini tena? Wataka watu waseme nimekuua?"

Maji yalimwagika kwenye kanga yake. Hakukasirika. Aliufuta mkono wangu uliokuwa umelowa, akasema, "Nyamaza, baba. Watu wasikia." Kisha akafumba macho.

Nilitoka nikaketi uani, nikalia. Nilikuwa mtu wa miaka arubaini na zaidi, mikono imejaa sugu, nalia nikijipiga kichwa kwa kiganja. Nilimwambia Mungu, chukua mitawanda yote, jaza Mombasa nzima mpira, nipa hili moja tu. Sikuwa najua nini zaidi nifanye. Mti nimeuchonga ulivyochongeka. Vipimo ni vyake. Kosa sikuliona popote.

Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Kutoka uani nikamsikia mamangu akivuta mkongojo, akiketi kwenye kiti chake cha ukili aswali. Nami sijui nini kilichonituma. Niliinuka nikaingia chooni, nikafunga mlango, nikaketi juu ya kile kiti na kanzu yangu, nikae nilivyotaka yeye akae. Mgongo nyuma ukutani. Mikono juu ya mikono ya kiti. Mbele yangu ukuta mtupu.

Nyuma yangu, ng'ambo ya ukuta, mamangu akatoa takbiri.

Nyumba zetu zile za kubanana, mtu hachagui ukuta wa kuswalia. Kibla kiko upande wa kaskazini, na ukuta wake wa kaskazini ulikuwa ndio huo. Siku zote aliswali ameuelekea. Nami nilikuwa nimekaa mbele yake upande wa pili, mgongo wangu kwake, uso wangu kaskazini. Alikuwa akiswali nyuma yangu. Mimi imamu, yeye maamuma, nami nimekaa juu ya tundu la choo nimekabili kibla.

"Subhanallah," nikasema, nikaruka pale.

Kila mtoto wetu hufunzwa haya kabla hajajua alifu: ukienda haja usielekee kibla, wala usikipe mgongo. Wajenzi wa zamani waliijenga ile nyumba wakijua. Tundu la choo na mahali pa kukanyagia waliviweka ubavu, mtu akichutama aangalie Forodhani. Mimi nami nilikuwa nimechutama pale maisha yangu yote sikuwahi kufikiri ni kwa nini. Nikaja na kiti changu cha mauwa, nikaegemeza mgongo penye nafasi, nikamwelekeza mamangu kibla. Wanavyuoni wana maneno yao, kwamba ndani ya nyumba yenye kuta kuna ruhusa, najua. Mamangu hakuwa mtu wa ruhusa. Mwanamke yule hata jivu hakulimwaga upande ule.

Nikajaribu kukigeuza palepale. Hakikugeuka. Mgongo ulikwaa ukingo wa birika, na mkono wa kulia ukaziba njia ya maji, asingeifikia kata hata akijinyoosha. Lile lililokuwa zuri kwenye kiti ndilo lililokizuia kisifae. Nikakitoa mpaka barazani. Rafiki yangu wa milango alikuwako, akaniona nachukua msumeno, akasema, "Ewe, wafanya nini? Mauwa hayo!" Nikaukata mgongo, wote, mauwa na mnyororo. Nikakata na mkono mmoja. Machozi yalikuwa yakinidondoka juu ya mvule, naye akaona, hakunitania tena. Akashika upande wa pili wa ubao ili usipasuke.

Nikakirudisha. Sasa kilikuwa kigoda kizito chenye mkono mmoja, kibaya cha kutazama, kimeelekea mlangoni. Birika nyuma yake kidogo upande wa kulia, kata karibu. Nikaingia chumbani kwa mamangu. Alikuwa amemaliza kuswali, bado ameketi, tasbihi mapajani.

"Mama," nikasema, "nimekigeuza."

Aliishika tasbihi.

"Umekigeuza wapi?"

"Chaangalia Forodhani."

Akanitazama. Ilikuwa siku nyingi hajanitazama vile, machoni.

"Kweli?"

"Wallahi. Na mgongo nimeukata. Mbona hukunambia, mama? Siku zote hizi! Neno moja tu, kibla, ningeelewa."

"Ulinipima," akasema.

"Nini?"

"Ulinipima na ukindu. Nilikuwa macho." Sauti yake ilikuwa kavu, ilikwaruza. "Mtu hupimwa amelala akishakufa, baba, kipimo kikapelekwa makaburini. Nikasema, mwanangu amechoka na mimi, ashanipima. Nikatulia nisikutie haya. Kisha waleta kiti, mti mzuri, mauwa kama ya mlango, na uso wake kibla. Nikasema basi, ndivyo. Kijana huyu ana haraka, maiti hata hajafa ashaelekezwa."

Alisema hivyo huku upande mmoja wa mdomo ukicheka, nami sikuona cha kucheka. Nilianguka magotini pale sakafuni, haya magoti yangu yanayokunjika, nikaweka kichwa mapajani pake juu ya tasbihi.

"Mama, nilikuwa nakupimia kiti."

"Sasa najua. Ningejuaje, nawe huulizi? Watu waja kwako, hata kiatu huwaambii wavue." Akanipapasa kichwa, kisha akanisukuma. "Haya inuka. Nipa mkongojo wangu. Na utoke nyumbani kabisa, usikae hapo uani ukatega masikio."

Nilitoka. Nilitembea mpaka karibu na Ngome nikarudi, nikaenda tena nikarudi, nikisalimiwa nikiitika sijui nani. Niliporudi mara ya tatu nikasimama mlangoni, nikabisha kama mgeni.

"Ingia."

Alikuwa kitandani, ameketi, nguo amebadilisha. Sakafu ya choo niliiona nikipita: maji tele, na kata imewekwa juu ya ukingo wa birika, siyo pale ninapoitundika mimi.

"Mtungi huu una maji?" akauliza.

"Unayo."

"Nipa."

Nikamtilia kikombe. Alikunywa pole pole, macho amefumba, akakimaliza chote, akakinyoosha kwangu.

"Nitilia tena."

Nikamtilia tena. Alikunywa vikombe vitatu, mpaka mama mdogo akaingia akamzuia, asije akatapika. Siku ile hakusema amefunga.

Aliishi miaka miwili na kitu baada ya hapo. Ndara za mpira za buluu nilimnunulia mwenyewe, nikamvisha. Mitawanda sikuchonga tena ya kuuza. Watu walianza kuja, na walikuja saa ya usingizi wa mchana, kichochoro kitupu, na hawakukitaja. "Fundi, kile... kile kitu cha bi mkubwa." Wa kwanza alikuwa yule mwenye milango. Alisimama akachezea kucha zake, akasema mamake hatoki chumbani. Nikamwambia, "Sipimi mtu. Nenda kamuulize kwanza choo chenu chaangalia wapi, na maji ataka yawe mkono gani, na kipi kimuumacho akiinuka. Kama waona haya, mchukue mamangu amuulize." Wengine walikasirika, wakasema mbona maswali, ni kiti tu. Waliokasirika niliwangoja mpaka warudi. Mamangu alibebwa kwenye kiti kwenda majumba ya watu, akaketi na wazee wenzake mlango umefungwa, wakacheka sana humo ndani, kisha akaja kunambia: huyu mkono wa kushoto, yule tundu lisogee mbele, huyu usimwekee mikono, ana tumbo. Kila kiti kilikuwa chake peke yake. Hakuna hata kimoja nilichokitia mauwa.

Alifariki asubuhi, baada ya chai, kwa maradhi mengine. Wanawake wakamwosha, na mmoja wa wazee wa msikitini akanijia pale mlangoni na ukindu mkononi, akasema wachimbaji wangojea kipimo, niingie nimpime, mimi ni mwanawe na ni fundi.

Nikamwambia awape ukindu wale wanawake. Mimi nikaketi nje kando ya mtungi, nikaufunua nikatazama ndani. Maji yalikuwa nusu. Alikuwa amekunywa asubuhi ile.